Tayari Tunaye Mmoja

Kijiwe kilikuwa ubavuni mwa duka lililofungwa siku nyingi, mahali ambapo kivuli cha ukuta hakiondoki mpaka saa sita. Benchi lenyewe lilikuwa ubao mmoja mrefu juu ya matofali, ubao uliong'arishwa na makalio ya watu wasio na haraka. Mkono wa kulia alikaa Fundi, na kisanduku chake cha misumari, gundi na chuma cha kugongea viatu. Katikati alikaa Profesa, muuza magazeti ya zamani, ambaye shule aliiacha mapema lakini hajawahi kuuza karatasi kabla ya kuisoma. Mkono wa kushoto alikaa Breki, dereva wa lori mstaafu, mtu aliyefika kila mahali na kurudi na uongo wa kila mahali. Mama Birika, mwenye kahawa, yeye alisimama. Alisema siku akikaa na wale wanaume watatu atakuwa wa nne, na nchi haiwezi kubeba wanne. Asubuhi hiyo wote walikuwa wanaitazama simu iliyolala mapajani mwa Fundi, na Fundi aliitazama kama kiatu kilicholetwa bila mwenziwe.

Simu ilikuwa ya binti yake. Kijiwe kilimbatiza Rula tangu ana miaka kumi na miwili, kwa urefu na unyoofu. Kampuni moja kubwa ya mavazi, ile ya jengo la vioo, ilikuwa inatafuta wanamitindo ishirini wa maonyesho yake ya mwaka, na Rula aliitwa mara tatu. Mara ya kwanza alipimwa, mara ya pili akapigwa picha, mara ya tatu akatembea jukwaani mpaka waliokuwa wamekaa wakasimama. Fundi hakuweza kufunga mdomo. Alimwambia mwenye nyumba, akawaambia wateja, na kama angempata mbwa mwenye masikio mazuri angemwambia naye. Sasa jibu lilikuwa limekuja. Rula alilisoma, akampa baba yake simu, akachukua jozi mbili za viatu vilivyokuwa tayari akaenda kuvipeleka kwa wenyewe.

— Hebu soma tena, alisema Breki.

Fundi akasoma kwa sauti ya karani wa mahakama:

— "Mpendwa. Mwendo wako ni bora kuliko wote tuliouona mwaka huu. Kwa bahati mbaya, mwenye mwonekano kama wako tayari tunaye mmoja. Tutakukumbuka mwakani."

— Mmoja nini?

— Ndiyo hapo sasa.

— Mrefu? Mbona wote warefu. Mwembamba? Mbona wote ukiwakunja unaweza kuwatia bahasha.

— Rangi, jamani, alisema Mama Birika. Mweusi. Tunakunywa kahawa hapa tangu asubuhi na hakuna anayeweza kulitaja neno! Mweusi wanaye mmoja, wametosheka.

Profesa akajikohoza. Profesa akijikohoza, watu hushika vikombe vyao vizuri.

— Fundi, usihuzunike. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Fundi akaweka nyundo chini.

— Profesa. Kazi ya mwanangu ni nini?

— Mwanamitindo.

— Na mwanamitindo anafanya nini?

— Ana... anatembea.

— Kwa hiyo umemwitaje?

— Methali haikumlenga yeye!

— Ilikuwa inatazama wapi?

Mama Birika alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye makaa. Fundi hakucheka, lakini hasira haikumkaa. Alikuwa anamfahamu Profesa miaka yote, alijua methali zake hutoka kama risasi za mlevi. Kilichomuuma kilikuwa kingine. Jumatatu Rula alitakiwa kuanza kazi ya mapokezi kwenye ofisi ya bima. Kazi yenyewe haikuwa mbaya, ila alisema akishaingia nyuma ya meza ile, anajijua, hatatoka. Na Fundi mwenyewe alikuwa amemshauri asubuhi hiyo hiyo, kabla hajaondoka na viatu: andika asante, mwanangu, waambie utasubiri mwakani. Ndivyo alivyoishi yeye. Mteja hajibiwi. Mteja akisema kiatu kimepinda, unasema samahani na unakinyoosha, hata kama kilichopinda ni mguu.

— Mimi nitawaeleza, alisema Breki. Hii naijua. Kila gari lina gurudumu la akiba. Mangapi? Moja! Ukibeba mawili unaonekana una wasiwasi na safari. Hawa jamaa wanabeba mweusi mmoja, basi, wakikaguliwa barabarani wanaonyesha: huyu hapa, tunaye.

— Mwanangu ni spea?

— Spea muhimu!

— Spea inakaa chini ya gari, Breki, inakula vumbi.

— Si gurudumu, alisema Profesa. Ni mwanga. Nimesoma. Ngozi nyeusi inameza mwanga. Ukumbi ukiwa na mmoja, taa zinavumilia. Wakiingia wawili, mwanga wote unamezwa, watazamaji hawaoni hata njia ya kutokea. Ni mambo ya usalama.

— Hapa tuko wanne, alisema Mama Birika. Mbona jua halijazimika?

— Jua ni kubwa. Na fahari wawili hawakai zizi moja.

— Ni taa au ni zizi? Chagua moja ulale nalo.

— Nyinyi mnacheza, alisema Breki, akasogea mbele, akapunguza sauti, macho yakatembea huku na huku kama anasafirisha magendo. Yule mmoja wanayemsema mmewahi kumwona? Kwa macho? Hayupo! Ametengenezwa na kompyuta. Ndiyo maana hawataki wa pili. Wa pili atakuja kazini, ataulizia mwenzake yuko wapi, siri itoke!

— Nami naunga mkono, alisema Profesa, ambaye dakika moja kabla alikuwa upande wa taa.

— Poda, alisema Mama Birika. Mimi nasema ni poda.

Hapo Fundi alinyanyua kichwa, kwa sababu hilo lilikuwa limekaribia kweli.

— Mara ya pili alipoitwa, alisema, mpambaji alifungua sanduku la poda. Rangi thelathini. Zinaanzia maziwa, zinaishia chai ya maziwa. Akamtazama mwanangu, akalitazama sanduku, akalifunga taratibu kama aliyefumania kitu. Rula akaingiza mkono mkobani akatoa kikopo chake. Shangazi yake ndiye humchanganyia, dada yangu yule. Anachukua poda mbili, anachanganya kwa kijiko, anajaribu shavuni, anaongeza, mpaka huwezi kusema shavu linaishia wapi na poda inaanzia wapi. Mpambaji akaomba na yeye aachiwe kidogo.

— Akaachiwa?

— Rula ana mkono wazi kama shangazi yake. Akapewa.

— Na mwendo je? aliuliza Mama Birika, ambaye jibu alilijua, ila alimwona Fundi anahitaji kuulizwa.

— Mwendo! Fundi akaipiga simu kwa kidole. Wameandika wenyewe, bora kuliko wote. Mnajua aliupata wapi? Hapa! Kwenye kipande hiki cha barabara! Mguu wake ulipofika saizi ya mtu mzima nilianza kumvisha viatu vya wateja nikishavigonga. Kutoka kwenye benchi mpaka kwenye nguzo, anakwenda, anarudi. Mimi sitazami, nasikiliza. Kisigino kimoja kikizidi kingine kwa unene wa ukucha, nasikia. Amevaa viatu vya wauguzi, vya maharusi, vya mawakili, vya mama mmoja mnene aliyekanyagia upande. Kila kiatu kilimfundisha neno. Wenzake wamelipia shule ya kutembea, yeye alitembea ili watu wazima wafike kazini salama!

Alikuwa amesimama bila kujua. Alikaa, na aibu kidogo. Alijivuna, ndiyo, na alitaka kuendelea kujivuna. Ila kujivuna kulikuwa kumekwama kwenye ile simu.

Wakati huo mwanamke mmoja mwenye trei mbili za mayai alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ameuning'iniza, kamba ya ndala imekatika. Hawakuwahi kumwona. Fundi akampokea ndala, Mama Birika akampokea mayai, na Breki, kwa heshima ya mguu mtupu, akasogea ampishe akae.

— Samahani, baba, mnabishana nini? Nimeanza kuwasikia tangu kule kona.

Wakamweleza wote kwa pamoja: jengo la vioo, gurudumu, taa, kompyuta. Profesa akatoa kwenye rundo lake kitabu cha picha cha kampuni ile ile, cha mwaka uliopita, akakifungua ukurasa wa mwisho. Wanamitindo ishirini walikuwa wamesimama mstari mmoja, mikono viunoni. Kumi na tisa walikuwa weupe. Kwenye ncha ya mstari, karibu kukatwa na ukingo wa karatasi, alikuwapo msichana mmoja mweusi.

— Huyu ndiye yule mmoja wanayemsema, alisema Profesa.

— Anayesemekana, alisema Breki.

Mwenye mayai akakivuta kitabu karibu. Akamtazama yule wa nchani, akarudi mwanzo wa mstari. Akaweka kidole kwa msichana mweupe wa kwanza. Halafu akakisogeza kwa wa pili, aliyekuwa mweupe vile vile, akakiacha hapo.

— Sasa huyu wa pili aliingiaje?

— Vipi? alisema Profesa.

— Wa kwanza si alikuwa ameshaingia? Mweupe walikuwa naye tayari, mmoja. Huyu alipokuja, waliambiana nini?

Breki akaanza kuwahesabu wale weupe. Profesa akajikohoza, akainama juu ya picha. Fundi alikuwa na sindano mkononi, uzi umening'inia, na ndala ya watu imemlalia gotini. Aliwaza jinsi asubuhi nzima walivyomchunguza mwanawe, rangi yake, mwanga wake, poda yake, kana kwamba kosa liko kwake na kazi yao ni kulitafuta. Hakuna hata mmoja, na yeye baba mtu ndani yao, aliyewageukia wale kumi na tisa. Alisikia haya, kisha akasikia kitu kama kicheko kinampanda kifuani.

— Mbona kimya? Nani kafa?

Alikuwa Rula, amerudi mikono mitupu. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, na kila mtu akajitia hajayaona.

— Shikamoo, mama, alimwambia mwenye mayai.

— Marahaba, mwanangu. Ni wewe mwenyewe? Nimewauliza wazee wako swali dogo, naona nimewaharibia siku.

Akalirudia. Rula akakitazama kitabu, akawatazama wazee wake wa kijiweni mmoja baada ya mwingine, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza siku hiyo.

— Baba, nipe simu.

— Unataka kufanya nini?

— Kuuliza.

Fundi akaishikilia simu. Miaka yake yote ya samahani ilimjaa mkononi.

— Wamesema watakukumbuka mwakani, mwanangu. Ukiwauliza hivi, na mwakani wanaweza kukufungia mlango.

— Wakifunga nitajua nilifungiwa kwa swali. Sitaki kufungiwa kwa shavu.

Mama Birika akapiga kofi moja, akajizuia. Fundi alimtazama binti yake alivyosimama pale, na alimwona vizuri zaidi kuliko siku zote alizomsikiliza akitembea. Akampa simu.

— Andika kwa adabu, alisema. Lakini andika.

Rula akaandika, kisha akasoma kwa sauti:

— "Asanteni kwa kuusifu mwendo wangu. Ninalo swali moja. Kwenye picha yenu ya mwaka jana kuna wasichana kumi na tisa weupe. Yule wa pili alipokuja, aliambiwa nini? Nitashukuru kwa jibu."

— Ongeza kuhusu kompyuta, alisema Breki.

— Breki!

— Mimi nimesema tu.

Akatuma. Wote wakainama juu ya simu, mwenye mayai naye, mguu mmoja hewani. Juu ya kioo pakaandikwa kuwa mtu wa upande wa pili anaandika. Pakafutika. Pakaandikwa tena. Pakafutika.

— Wameishiwa na wino, alisema Breki.

— Profesa, alisema Mama Birika, huna methali?

Profesa alifikiri kwa muda mrefu, uso umekunjamana kwa bidii.

— Sina, alisema, na kijiwe kizima kikamwonea huruma.

Kwa mara ya tatu pakaandikwa anaandika, kwa mara ya tatu pakafutika. Mama Birika aliinamisha birika juu ya kikombe, likatoa tone moja na mvuke. Hakuna aliyeondoka.

— Baba, alisema Rula taratibu. Na kama wakiniita? Niende kuwa wa pili?

Fundi alivuta uzi wa ndala, akaukata kwa meno. Alijibu kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara, na alitaka ifike.

— Nenda ukawe wa pili, mwanangu, kichwa juu. Ili wa tatu akija asiambiwe kitu.

Simu ikaanza kuita. Halikuwa jina, ilikuwa namba, ile ya jengo la vioo. Breki alinyoosha mkono, akapigwa kofi la mkono na Mama Birika. Rula hakuharakisha. Aliacha iite mara mbili, akanyoosha gauni lake kana kwamba wanamwona, akaiweka sikioni.

— Haloo. Ndiyo, ni mimi. Jibu mmelipata?