Mwalimu Seline Jemutai, Aliyesimama Nyuma ya Mdakaji

Marehemu Mwalimu Seline Jemutai alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Soy, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kipyego na Mama Linah. Alisomea Soy mpaka akamaliza sekondari mwaka 1989, kisha akaenda chuo cha ualimu. Kuanzia 1994 alifundisha Kiswahili na michezo katika shule moja karibu na Langas, na huko ndiko alikoupenda mchezo wa besiboli akawa mwamuzi.

Sisi wadogo zake, mimi Cynthia nikiwemo, alituchosha nao. Krismasi moja alitusimamisha uani kwa zamu, kila mmoja na fimbo ya ng'ombe, akachuchumaa nyuma yetu huku kaka yetu akirusha malimau.

"Mpira ukipita juu ya bamba, kile kibao cha chini mbele ya mpigaji, kati ya magoti na kifua chake, hiyo ni straiki, anahesabiwa kosa hata asipoupiga," alisema. "Na kila mtu ana kimo chake. Cha Cynthia ni kifupi."

Alituonya tusiangalie glavu ya mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kwa sababu mdakaji mjanja huunasa mpira chini akauinua uonekane umepita sawa. Mpira huhukumiwa pale unapopita.

Tarehe 6 Desemba 1997 alifunga ndoa na Mwalimu Eliakim Kigen, kocha wa besiboli wa shule hiyo. Mungu akawajalia Lynette na Kiprop.

Tarehe 14 Julai 2018 vijana wa Kigen walicheza fainali hapa Eldoret. Mwamuzi aliyepangwa hakufika. Seline alikataa kushika nafasi yake, lakini mumewe mwenyewe akamwambia mbele ya timu zote mbili, "Simama wewe. Wewe hupendelei mtu."

Mambo yakiwa sare, wapinzani wamejaa vituo vyote vya kukimbilia, mrushaji wa Kigen alibaki na mpira mmoja wa kuamua. Ulipita chini ya magoti. Mdakaji akauinua. Seline akaita boli, yaani mpira mbaya, na kwa kuwa ilikuwa ya nne mpigaji akapewa kituo cha kwanza, wenzake wakasogea mbele kituo kimoja kimoja, na wapinzani wakapata pointi ya ushindi.

Jioni hiyo Kigen alimwambia mezani, "Mpira ulikuwa chini. Mimi nilikuwa pembeni, niliona vizuri."

Wazazi wa wachezaji walipolalamika, kamati ya mashindano ikawaita wote wawili. Huko Kigen alisema, "Tulikuwa tumekosana nyumbani. Alinikomoa." Hawakuwa wamekosana. Seline aliondolewa kwenye kazi ya uamuzi, na Kigen akabaki na timu. Dada yetu alirudi Soy kwa Mama, akawa anasafiri kila siku kwenda kufundisha. Uwanja wa besiboli hakuukanyaga tena.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Kigen alikuja hospitalini akaomba msamaha.

"Umeenda kwa kamati?" Seline alimuuliza.

"Bado."

"Basi anzia huko."

Hakwenda. Seline alituacha Jumapili, tarehe 9 Februari 2025, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama.

Ameacha Mama Linah, watoto wake Lynette na Kiprop, ndugu zake, na mume, Mwalimu Eliakim Kigen. Nilitaka kuliondoa jina hilo. Seline alinikataza. "Ni mume wangu, Cynthia, mwandike," aliniambia. "Lakini useme sikumkomoa mtu."

Nimesema.

Mungu ampe dada yetu amani aliyonyimwa hapa.