Jirani Aliyeniuliza Waziwazi

Asalaam aleikum kina mama, na nyote mliofika. Mtaniwia radhi nikihangaika hapa mbele. Kutulia pahali pamoja bado kunanishinda.

Wengi mwanijua, mimi ni fundi wa nguo hapa Shika Adabu. Mwaka jana nilijifungua mtoto wa kike, akafa kabla sijamnyonyesha. Watu walikuja, wakanipa pole, wakaniambia nishukuru, nitapata mwingine. Kisha wakaenda makwao. Maziwa yakaendelea kutoka.

Ndugu zangu, nawaambia, mwili wangu haukupoa. Nilifagia ua uliokwisha fagiwa. Nilitembea hadi Timbwani bila haja, nikarudi, nikatoka tena. Mume wangu akiniuliza, namjibu, "Mzima, alhamdulillahi." Moyoni nilikuwa nimeshaamua kufa.

Nikaanza kugawa vitu. Leso zangu nikampa wifi. Alifurahi, masikini, angejuaje? Cherehani nikampelekea jirani yangu. Simtaji, lakini yumo humu na anajijua.

Jirani huyu alikuwa amehudhuria mafunzo ya wahudumu wa afya wa mtaa. Aliitazama cherehani, hakuigusa.

"Wewe utashonea nini?"

"Siihitaji tena."

Akanishika mkono. "Mwenzangu, wafikiria kujiua?"

Wallahi nilikasirika! Nani humuuliza mtu neno kama lile mchana kweupe? Nilitaka kuondoka, hakuniachia mkono. Nikasema, "Ndiyo." Tangu msiba, sikuwa nimemjibu mtu kweli hata mara moja.

Hakunihubiria. Alizima jiko lake, akakaa nami mpaka mume wangu akarudi kutoka kazini, tukamwambia pamoja. Mume wangu alilia. Kumbe naye alikuwa akimlilia mtoto bafuni, peke yake! Asubuhi tukaenda zahanati sote watatu. Nikapewa dawa, na mtu wa kuzungumza naye kila wiki.

Sijapona moja kwa moja, sitawadanganya. Ziko siku wazo lile hunijia tena. Siku hizo nasema.

Namshukuru jirani, namshukuru mume wangu, na yule dada wa zahanati aliyeniuliza mtoto nilimpa jina gani. Hakuna mwingine aliyeuliza.

Nanyi nawaomba: ukimshuku mwenzio, muulize waziwazi, na usimwache peke yake. Swali halitamtia wazo. Mimi wazo nilikuwa nalo, nilikosa wa kumwambia. Na kama ni wewe unayenisikiliza huku moyo unakwenda mbio, usiondoke leo kimyakimya. Nitakuwa pale mlangoni mpaka mtu wa mwisho atoke.