Sista Vuyelwa na Picha ya Jua

Tarehe 30 Juni Sista Vuyelwa Mabandla anatuaga baada ya miaka thelathini na minne ya uuguzi, kumi ya mwisho akiwa kwenye jopo letu la kuandaa mwongozo wa kuwahudumia wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Nina hakika wasifu huu atausoma mara mbili akitafuta tulipodanganya.

Mama huyu haamini kitu. Wakala wa dawa akituletea keki, sisi tunatafuta kisu, yeye anauliza keki inataka nini. Ukimwambia utafiti umeonyesha, atataka kujua walipimwa akina nani, wapi, na nani alilipia. Jamani, alituchosha! Wengine tulimshuku kwamba hataki tu kazi iishe.

Kisha tukapitisha jaribio la picha lililotoka ng'ambo, ambapo mzee hutaja jina la kila picha ili kupima kumbukumbu yake. MamTolo, bibi wa Cofimvaba, alionyeshwa jua akasema ni kile cha kukaushia nguo. Akaandikwa mgonjwa, na mwanawe akaanza kumtafutia nafasi kwenye makao ya wazee mjini. Bibi alilia, akasema hatoki kwake.

Sista alinusa jambo. Akaenda kwa MamTolo, akaketi jikoni, akauliza marehemu baba mkwe aliitwa nani. Bibi akamgeukia mwanawe amjibie. Mwanawe ndiye aliyejibu kuwa ni Langa. Kwa lugha yetu jua ni ilanga, na mke aliyefunzwa adabu hatamki jina la baba mkwe wala neno linalofanana nalo. Sisi jopo zima ni Waxhosa, mama zetu hufanya hivyohivyo, na hakuna aliyekumbuka. Tuliona aibu sana.

Picha zikabadilishwa, jaribio likapimwa upya kwa wazee wetu wenyewe, MamTolo akabaki nyumbani. Tukashangilia. Sista hakushangilia, maana hata habari njema huishuku, akaendelea kumtembelea.

Mwaka jana, wakinywa chai, MamTolo alimgeukia akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Langa ameshakula?"

Sista aliweka kikombe chini, akalia. Safari hii ugonjwa ulikuwa umefika kweli. Mwongozo wetu unataka mzee ahudumiwe kwake pale inapowezekana, na MamTolo yuko kwake hadi leo. Kila jioni mwanawe humwambia kwamba baba mkwe ameshakula, tena ameshiba.

Asante kwa yote, Sista. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya. Tunakupenda, na kwa hili tu, tafadhali, usitudai ushahidi.