Nusu Saa ya Mama Subiri

Mfanyakazi mwenzangu, nakusihi, ukimaliza kusoma ukurasa huu uufiche. Usiuache mezani, usiufungie kitafunwa, na usithubutu kuutaja mbele ya mhusika. Ameshaapa kwamba akiona hata ua moja la kumuaga atatokea kwa mlango wa nyuma, ule wa chumba cha kufulia, na hatutamwona tena. Aliyepewa kazi ya kuandika ni mimi, karani wa mapokezi. Akigundua, nimekwisha.

Mhusika ni daktari wetu wa meno, Mama Subiri. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kliniki hii. Alianza na kiti kimoja cha kutibia, tena kibovu: mgonjwa akikiegemea, kilishuka chenyewe mpaka chini. Leo tuna viti sita, na karibu kila daktari anayesimama kando ya viti hivyo amefunzwa na yeye.

Jina lake lilitokana na masinki. Wakongwe wanasimulia kwamba zamani, baada ya chakula cha mchana na juisi ya machungwa, watumishi wote walikimbilia kupiga mswaki. Mfanyakazi wa kliniki ya meno aonekane na meno machafu? Aibu iliyoje! Bingwa wa mbio hizo alikuwa dereva, ambaye alisugua mpaka nywele za mswaki zikalala. Kisha akaanza kulalamika kwamba maji baridi yanamchoma meno kama sindano.

Daktari akamketisha kwenye benchi la dirishani, akampa juisi, akamgusisha ulimi kwa karatasi ya kupimia asidi. Karatasi ikawa nyekundu, alama ya asidi kali. Wauguzi wakaangua kicheko, wakamtania dereva kwamba kinywa chake kingewasha gari bila betri. Daktari akawaambia wasubiri. Karatasi ya pili ikatoka ya rangi ya chungwa, iliyofuata njano, na nusu saa ilipotimia, ikatoka kijani: asidi imekwisha. Dereva hakuwa amegusa hata tone la maji.

"Hayo ni mate yako, mwanangu," akamwambia. "Yana magadi yake humo ndani, ndiyo yanayoua ukali. Tena yana madini ya kulikaza jino. Asidi ikishalilainisha, wewe unaingia na mswaki. Nyumba inawaka, zimamoto wameshafika, na wewe unakuja kufagia!"

Tangu hapo neno lake ni moja: subiri. Meno ya dereva yalitulia, na mbio za masinki zikafa.

Uhodari wake mkubwa zaidi ni kwa wagonjwa waoga. Hofu hukausha kinywa, na kinywa kikavu hakina wa kukitetea. Basi yeye huvuta kiti, akamuuliza mgonjwa ni nani aliyempikia vizuri kuliko wote, na alipika nini. Mgonjwa husimulia, akameza mate, akacheka, na kabla hajakumbuka kuogopa, mdomo uko wazi. Nami siku yangu ya kwanza kazini alinitendea hivyo hivyo. Nilimsimulia mapishi ya shangazi yangu mpaka nikasahau woga wangu.

Sasa mpango. Kila mchana, akishamaliza juisi yake, Mama Subiri hukaa kwenye benchi lile nusu saa nzima, mswaki mfukoni, akisubiri. Hanyanyuki hata mkurugenzi akimwita. Hiyo ndiyo nafasi yetu ya kupamba ukumbi! Akiinuka tu, dereva atamwongoza kwetu.

Mama, ukurasa huu ukikufikia baada ya shangwe, pokea shukrani zetu. Umetulindia meno, na woga wetu umeubeba kwa upole. Uende salama, upumzike, na mezani pako pasikose kitu cha kukujaza mate.

Nawe mwenzangu, mambo yakiharibika Ijumaa, usinipigie simu ya mapokezi. Mama Subiri akipita huipokea mwenyewe. Njoo kwenye dirisha langu la mapokezi, gonga mara mbili, uulize kama maji ya kunywa yamefika. Nitaelewa. Nitakuwa pale pale na glasi mkononi, kinywa kimenikauka.