Usukani Mzito wa Binti wa Mama Kahawa

Benchi letu la kahawa limeegemea uzio wa kiwanja cha ndege ndogo, kwa hiyo sisi ni wataalamu wa anga kwa ujirani. Asubuhi hiyo tulijaa kama siafu: binti wa Mama Kahawa alikuwa anarusha ndege peke yake kwa mara ya kwanza! Tulimwona ndani, akivuta usukani kukagua lile bawa dogo la mkiani linaloinua pua. Akavuta tena. Akashuka, akaja mpaka kwenye uzio.

— Mama, siruki. Usukani unakuwa mzito ukifika katikati. Nimemwita fundi wa ndege.

Benchi likalipuka.

— Mzito? Kinyozi akadakia. Vuta kwa nguvu, mwanangu! Mashine yangu ikikwama naizaba kofi, inanyoa.

— Inanyoa mpaka masikio, akajibu Fundi Pancha. Hiyo ni baridi tu, chuma kimelala. Mzunguko mmoja huko juu kitaamka.

— Huko juu? akauliza Mama Kahawa.

— Ndiyo! Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Maana yake akipaa, lazima arudi!

Tukapiga makofi. Methali haikuhusu hata kidogo, lakini nani alijali?

Profesa, tunayemwita hivyo kwa sababu ya miwani tu, akasimama juu ya benchi.

— Wote hamjui! Ni upepo umeingia mkiani usiku, ukakosa pa kutokea. Apae, ageuke kichwa chini, utamwagika wote!

— Umesema, Profesa!

Mama Kahawa akaweka birika chini, akausogelea uzio.

— Mwanangu, watu wote hawa wamekuja kukuona. Hata gauni la sherehe nimevaa.

— Najua, Mama.

Machozi yalimlenga binti, lakini hakusogea.

— Usituaibishe bwana! Kinyozi akanguruma. Ndege ile ni nzima kabisa!

Mwanamke mmoja mgeni, aliyekuwa akingoja tairi lake lizibwe, akauliza kwa upole:

— Samahani, kaka zangu. Kile kiti kitupu ndani ya ndege, pembeni ya binti huyu, kati yenu nani angekikalia?

Kinyozi akachungulia kikombe chake. Profesa akashuka kwenye benchi. Fundi Pancha akalikumbuka tairi.

Mama Kahawa alitutazama mmoja mmoja, akingoja jibu. Kisha akaanza kutunyang'anya vikombe, vingine vikiwa bado vimejaa.