Shuka Nne za Parsaoti

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, Mashewa mnakopukuchua mahindi au nyikani Handeni redio ikiwa imetundikwa mlangoni pa zizi, nawasalimu. Ni mimi, Mbaruku wenu. Wewe mama uliye jikoni, acha sufuria kidogo, sogea. Leo tunamkumbuka Emiliana, Mama Serafina, wa Masuguru hapa Korogwe, aliyetutoka wiki tatu zilizopita akiwa na miaka hamsini na minane. Wengi mlimjua kama dobi, na dobi alikuwa kweli. Lakini kumbukumbu hii ina watu wawili ndani yake, na mwenyewe ndiye aliyetaka iwe hivyo. Wa pili anaitwa Parsaoti. Shikeni jina hilo. Parsaoti.

Emiliana alizaliwa Mazinde, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge. Baba yake alirudi kila jioni nguo zimekakamaa kwa maji ya mkonge. Mama yake, Mshambaa asiye na mchezo na uchafu, alimfundisha kufua angali na miaka sita. Nguo chafu kwao ilikuwa aibu ya nyumba nzima. Serafina, binti yake, ananiambia: "Mama hakuweza kuona nguo chafu akaipita. Hata ya jirani, ataiomba aifue." Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililomponza.

Alipofiwa na mume, akapata kazi kwenye kambi moja ya watalii nyikani Handeni. Kambi yenyewe haipo tena. Yalikuwa mahema kumi na mawili, jiko, tangi kubwa la maji, na nyuma ya jiko kamba za Emiliana za kuanikia mashuka meupe ya vitanda. Asubuhi yake ya kwanza aliwakuta pundamilia wamesimama katikati ya mashuka hayo, wametulia, wanamwangalia. Siku nyingine nyani alimwibia kipande cha sabuni, akaking'ata, akakitema, halafu akamtazama kwa lawama kana kwamba yeye ndiye mpishi. Emiliana alicheka mpaka akakaa chini. Siku zile alikuwa mtu wa kucheka.

Mlinzi wa kambi alikuwa Parsaoti, Mmasai wa miaka thelathini hivi. Mke wake, Soila, alikuwa bomani, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Kazi ya Parsaoti ilikuwa kuwasindikiza wageni na kuwazuia tembo wasifike tangini. Bunduki hakuwa nayo. Alikuwa na shuka nne nyekundu, kuukuu, alizozifunga kwenye nguzo nne kulizunguka tangi.

Shuka zile hazikuwahi kufuliwa. Zilinuka moshi wa boma, samli, jasho na ng'ombe. Parsaoti alieleza kwamba tembo anaikumbuka mikuki ya wazee wa Kimasai, na akiinusa harufu yao anageuka. Na kweli waligeuka. Emiliana alimwona kwa macho yake tembo jike mwenye sikio la kushoto lililochanika akija mpaka karibu, akainua mkonga, akanusa, akarudi alikotoka na kundi zima nyuma yake.

"Mama Serafina," Parsaoti alimwambia, "fua vyote vilivyomo kambini. Hizi nne usiziguse."

Wasikilizaji wapendwa, Emiliana aliambiwa. Hilo yeye mwenyewe hakulificha.

Ikafika Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, miaka kumi na mitatu iliyopita. Kiangazi kilikuwa kikali, visima vimekauka. Wageni wengi walitarajiwa, na meneja wa kambi akapita akinung'unika kwamba matambara yale yananuka na yatamharibia picha za watu. Hakumtuma mtu kufanya lolote. Alinung'unika tu, akaenda zake. Parsaoti alikuwa ametoka na wageni wa siku hiyo kutembea korongoni. Emiliana akabaki anazitazama shuka, mikono inamwasha. Akajiambia kwamba tembo anachokiona ni wekundu, na wekundu hautatoka. Akazifungua. Akazifua kwa sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua. Saa tisa zilikuwa zimekauka. Akazirudisha kwenye nguzo zilezile, kwa mafundo yaleyale. Alidhani amemfanyia mwenzake wema, na alingoja kwa hamu ashangae.

Saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya miti, alikuwa akikunja mashuka. Tembo jike akaja peke yake, yule wa sikio lililochanika. Alikwenda moja kwa moja kwenye nguzo ya kwanza. Akanyoosha mkonga, akaishika shuka, akainusa kutoka juu mpaka chini, taratibu. Akavuta pumzi mara ya pili. Hakumkuta mtu humo. Akapita.

Emiliana aliangusha mashuka, akarudi nyuma. Wakati huohuo Parsaoti alitokea upande wa pili, anakwenda kufungulia wageni maji ya kuoga. Kwa mbali aliziona shuka zake zimening'inia, zote nne. Alitembea bila wasiwasi, anapiga mluzi. Tembo alikuwa nyuma ya tangi.

Sitasimulia zaidi ya hapo. Parsaoti alikufa palepale.

Asubuhi yake, pale alipoangukia palikutwa pamefunikwa kwa matawi mabichi. Hakuna mtu wa kambi aliyekata tawi. Nyayo zilizokuwapo zilikuwa za mnyama mmoja.

Meneja akaita watu, akauliza. Alipofika kwa Emiliana alimwuliza kama shuka zilikuwepo kwenye nguzo. Akajibu, "Zilikuwepo." Basi. Neno lenyewe lilikuwa kweli tupu, na alijificha ndani yake miaka kumi na mitatu. Maana kama shuka zilikuwepo, watu walisema, basi mlinzi ndiye aliyekuwa na kasoro. Mtu mwenye akili zake atamwendeaje tembo anapiga mluzi? Kufikia jioni ilikuwa imeshaamuliwa. Parsaoti alikuwa amelewa.

Habari ikatoka kambini, ikafika mnadani, ikafika mpaka kwenye redio. Mlinzi mlevi auawa na tembo. Wasikilizaji wapendwa, sauti iliyosoma habari ile ni hii mnayoisikia sasa. Sikumpigia mtu simu hata mmoja. Niliisoma, nikaweka muziki.

Emiliana hakumaliza mwezi kambini. Alikuja Masuguru, akafua nguo za watu. Wateja wake mtakumbuka mambo mawili. Sabuni ya unga ya maua hakuigusa tena, alitumia ya kipande tu. Na nguo nyekundu hakupokea. Mlimwona ana vituko vyake, mkazoea.

Serafina hakuzoea. Kila jioni mama yake alijaza beseni maji, akaliweka uani. Alfajiri alitoka kuliangalia, akayakuta maji vilevile. Kuna siku aliwakataza watoto wasicheze karibu na kamba, akisema mwenyewe amesimama hapo. Mwenyewe nani, hakusema. Ukuta wa chumba chake ulielekea kamba ya nguo, na alidai anasikia pumzi, moja ndefu, halafu ya pili.

"Nilimwuliza, mama, tembo atoke wapi Korogwe mjini?" Serafina anasema. "Akanijibu kwamba huyu hapiti barabarani. Ananusa nguo tu, anamtafuta mtu wake."

Mwaka jana moyo ukaanza kumsumbua. Na mwezi mmoja uliopita habari ikamfikia kupitia wafanyabiashara wa mbuzi: mtoto wa Parsaoti na Soila, kijana mkubwa sasa, kila akikosana na wenzake anaitwa mtoto wa mlevi. Emiliana hakula siku hiyo. Kesho yake alinunua shuka mpya, akamwambia Serafina ampeleke Handeni. Walipanda basi, kisha bodaboda, kisha wakatembea.

Soila alitoka nje ya nyumba, akamsalimia shikamoo na kumpa kigoda. Emiliana hakukaa. Alisema palepale, amesimama, kila kitu, tangu meneja kunung'unika mpaka lile neno moja. Alipomaliza, Soila aliingia ndani. Serafina alidhani wamefukuzwa. Kumbe alifuata kifurushi. Ndani yake mlikuwa na zile shuka nne, alizoletewa na watu wa kambi siku ya msiba.

"Nilizinusa siku ileile," Soila akasema. "Zilinuka maua. Mume wangu hakuwemo. Nilimwambia meneja kuna mtu amezifua, akasema nina majonzi nikapumzike. Nilijua yuko mtu. Nimekungoja, mama."

Emiliana alilia. Akamnyooshea ile shuka mpya, Soila akaisukuma. Alisema hataki nguo. Redio ndiyo iliyosema mume wake amelewa, na watu wote walisikia. Basi redio ndiyo iseme tena, na wote wasikie.

Emiliana alinipigia, tukapanga Jumatatu aje studio. Jumamosi moyo ulisimama. Lakini Ijumaa alikuwa amejirekodi kwenye simu ya binti yake, na nimeisikiliza mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ni maneno machache. "Mimi ni Emiliana. Parsaoti hakulewa. Shuka nilizifua mimi. Aliziamini kwa sababu zilikuwa zake."

Tulimzika Mazinde, karibu na wazazi wake, mkonge umezunguka pande zote. Soila alikuja na mwanawe. Kaburi lilipofukiwa alisogea, akafunga shuka moja nyekundu kwenye msalaba. Si ile mpya. Ilikuwa ya kwake, ya kuvaa kila siku, na sote tulisikia harufu yake, moshi na ng'ombe. Serafina akamwuliza kama ndiyo amemsamehe mama.

"Hilo bado," Soila akajibu. "Lakini yule mnyama amemfuata vya kutosha. Akifika hapa atageuka."

Wasikilizaji wapendwa, nawapa pole Serafina na ndugu wote wa Mazinde na Masuguru. Nawapa pole pia Soila na mwanawe, pole ambayo redio hii ilipaswa kuwapa miaka kumi na mitatu iliyopita. Na wewe unayenisikiliza, tafakari. Huenda lipo neno moja la kweli ulilowahi kulisema ukaishia hapo, na mtu mwingine akabeba yaliyobaki. Kama yupo hai, mfuate ungali na miguu.

Mimi wangu ninaye, na namfuata kwa njia niliyonayo. Kijana wa Soila, najua unasikiliza. Baba yako hakuwa mlevi. Siku ile alikuwa mzima, na alikuwa kazini. Niliyesema vingine ni mimi, Mbaruku, na nilikosea.