Didas Mkenda, Mwimbaji Aliyebandua Picha Zake

Marehemu Didas Agustino Mkenda alizaliwa Machi 14, 1974, kijijini Keni, Rombo, mtoto wa nne wa marehemu mzee Agustino na mama Kalista.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo, 1982 hadi 1988. Nyimbo za kantri alizipata kwenye redio ya mjomba wake, akaziimba darasani bila kujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Mwalimu alipomuuliza anaimba nini, alijibu, "Hata mimi sijui, mwalimu, ila inaumiza."

Aliuza viatu soko la Memorial, Moshi, na Juni 2001 akafunga ndoa na Melania. Mwaka 2006 alikwenda Guangzhou, China, kununua mzigo wa viatu soko la Zhanxi, gitaa begani. Jumamosi moja ya 2008 aliombwa kuimba katika mgahawa wa Wakongo. Aliimba kantri kwa Kiswahili, sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na wafanyabiashara watu wazima wakalia juu ya sahani zao. Kufikia Krismasi picha zake zilijaa kuta za ngazi za majengo walimopanga Waafrika, na CD zake zilisafiri ndani ya makontena hadi Kariakoo.

Misako ya polisi ya kukagua pasipoti na viza za wageni ikapamba moto. Mei 2009 Didas alimkabidhi ajenti pasipoti ili viza iongezwe, kama walivyofanya wengi, akabaki na fotokopi. Kila alipouliza aliambiwa, "Meiyou, hamna, rafiki, bado." Mitaani wenye fotokopi wakaanza kukamatwa. Tangu hapo Didas aliishi roho mkononi. Alibandua picha zake kwa mkono wake, akaacha kuimba, na mlango ukigongwa alijifungia bafuni.

Julai tumbo lilimshika. Samwel, aliyeishi naye chumba kimoja, alimsihi.

"Kaka, twende hospitali."

"Wataomba pasipoti. Wakinifunga, Melania na watoto watakula nini? Tungoje ya ajenti."

"Na hilo tumbo nalo litangoja?"

Siku ya tatu Samwel alimbeba mgongoni, apende asipende. Pale mapokezi hakuna aliyeuliza pasipoti. Waliuliza tu maumivu yalianza lini.

Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Didas alifariki Julai 19, 2009, saa nne asubuhi.

Ameacha mama yake, mjane Melania na watoto wawili, Teddy na Joyness.

Kaka yetu, pumzika kwa amani, usiogope tena mlango.